Akaunti ya Pili ya Usama

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Leo nimejibu maswali kumi na moja kwenye grupu letu la ushauri Facebook. Mchele gani wa pilau, rangi gani ya sebule, mchumba mwenye wivu afanywe nini. Waulizaji siwajui hata mmoja. Mwamvita, muuza samaki wa Kunduchi, kanipinga yote kumi na moja. Laiki themanini! Mie nne. Moja nimejipa mwenyewe.

Mke wangu Noor kasema dukani kwetu misumari imekwisha. Nikamwambia asubiri, kuna mtu anataka kuvunja uchumba.

Jumanne, 2 Septemba
Akili imenijia! Nimefungua akaunti ya pili: Tabu, picha ya waridi. Tabu anauliza, Usama anajibu, grupu linashangaa. Ila Tabu aulize nini? Nikaazima la nyumbani: mume wangu anashinda kwenye simu akishauri watu baki, mie hanisikilizi. Nifanyeje?

Nikamhudumia kwanza mteja wa saruji, nisionekane nina haraka. Kosa! Mwamvita keshajibu: asigombane naye, afungashe, akapumzike kwa mama yake. Akihitajika atafuatwa. Laiki mia mbili.

Nami nikaandika kwamba mke wa maana huvumilia. Kisha Tabu akashukuru: ahsante kaka Usama, umeniokoa. Kumbe hiyo ahsante nimeituma kwa akaunti yangu mwenyewe, si ya Tabu. Grupu zima limecheka.

Jumatano, 3 Septemba
Noor hayupo. Kabati nusu tupu. Kumbe naye yumo kwenye grupu! Nimempigia, yuko Pugu kwa mama yake.

"Usama, swali uliuliza vizuri," kasema. "Jibu nimeliona." Kakata.

Alhamisi, 4 Septemba
Siendi. Nina msimamo. Wali umeungua. Wateja wawili wameniamkia shikamoo dada Tabu. Chanika yetu nzima ina Facebook.

Ijumaa, 5 Septemba
Baada ya swala nimekwenda Pugu. Simu nimeiacha dukani. Mama mkwe kaitikia shikamoo yangu, kisha kaniweka uani saa nzima.

Noor alipotoka nimemwambia ukweli. Watu nisiowajua hunisikiliza kwa sababu hawajui kwamba mie mwenyewe sijui kitu. Hakucheka. Kasema basi leo nimsikilize yeye. Nimesikiliza hadi alasiri. Mambo mengi! Mengine ya tangu harusi. Nimeona haya, kweli. Nimeahidi kuacha grupu. Tumerudi pamoja.

Jumapili, 7 Septemba
Ahadi nimetimiza. Usama katoka, Tabu katoka.

Nikachungulia mara moja tu, maana grupu liko wazi kwa yeyote. Mwanamume wa Temeke kakimbiwa na mke, na Mwamvita anamwambia asubiri! Mtu mwenye uzoefu wangu anyamaze? Nimefungua akaunti ya Bibi Wahiba, miaka sabini na mbili, picha ya kanga. Nimemwelekeza yule bwana aende mwenyewe, akae, asikilize. Nimesema ni mbinu yangu ya siku nyingi.

Laiki mia tatu kabla ya adhuhuri! Kisha ujumbe wa pembeni, kutoka kwa Mwamvita. Shikamoo bibi, nina ishu na mume wangu.

Nimemjibu marahaba mjukuu wangu, eleza yote, nina siku nzima.