Almari ya Mreno

Jumatatu, 9 Juni 2025

Ukungu umeingia mpaka mapokezi. Mama Bernadina, mwenye loji, ametuita mimi na Flaviana. Sote ni makarani wa majaribio. Nafasi ya ajira ni moja, na jina litatajwa Jumamosi. Mama akasema Ijumaa anafika mgeni kutoka Ubelgiji, mfanyabiashara wa samani za kale, na chumba kikubwa hakina pa kutundika hata shati. Angefurahi tukipata kabati la zamani, la heshima. Nikasikia mtu akisema yeye atalipata. Nikageuka nyuma. Hakuna mtu. Ni mimi niliyesema.

Flaviana akaniuliza kwa upole, "Kaka Leodegar, kitu cha zamani kuliko vyote ulichowahi kushika si hiyo simu yako?"

Jumanne, 10 Juni

Nimelipata! Liko kwa Mzee Zaidi, muuza vitambaa pale mjini. Milango miwili, kioo, taji la maua ya kuchonga juu, miguu minene ya mviringo. Nikaliita kabati. Mzee akakunja uso. Kabati ni la vikombe, akasema. Hii ni almari, ya marehemu shangazi yake wa Pangani, na ataniazima kwa sababu tu shikamoo yangu ilikuwa na adabu.

Nikakimbilia kamusi. Almari: neno la Kireno! Wareno walifukuzwa pwani karne tatu zilizopita. Kwa hiyo almari ina karne tatu au zaidi. Nimehakiki hoja yangu mara mbili. Haina ufa.

Jumatano, 11 Juni

Chakula cha mchana sikula, nilikuwa nasoma. Zamani watu waliweka nguo masandukuni. Ukitaka ya chini, unafukua zote. Halafu Wafaransa wakatunza silaha ndani ya makabati, na baadaye nguo zikachukua nafasi ya silaha. Mataji yao yamepinda kama nyusi za mtu anayeshangaa. Wajerumani walijenga yanayofunguka vipande vipande, kwa vigingi, bila msumari. Waingereza wakaongeza kioo na saraka za kuvuta. Matokeo ya kidato cha sita hayakunisisimua hivi.

Jioni almari ikaletwa na lori la vitunguu lililokuwa likirudi Mang'ola. Haikupita mlangoni. Flaviana alisimama na kikombe cha chai, akasema labda mgeni alazwe nje pamoja nayo. Nikawakumbuka Wajerumani. Nikasukuma taji kwa chini. Likatoka kama kofia! Almari ikaingia. Flaviana akaenda kuongeza chai.

Ijumaa, 13 Juni

Niliingia ndani ya almari kupangusa pembe. Nikasikia sauti za watu: mgeni amewahi. Mtu mwingine angetoka. Mimi nikavuta mlango.

Mgeni akafungua kutundika koti. Nikasema, "Karibu sana." Nikaona kunyamaza ni hatari, nikaendelea: masanduku, Wafaransa, Wajerumani, yote, nikiwa bado ndani. Nikamalizia kwamba hii ni ya Mreno. Mgeni akauliza nimejuaje. Nikamweleza kuhusu kamusi. Flaviana, aliyebeba mkoba wa mgeni, akauma kitambaa chake cha shingoni asicheke.

Mgeni akachungulia nyuma. Ubao wa mgongoni umetokana na sanduku la sabuni. Maandishi bado yanasomeka: WEKA MAHALI PAKAVU. Akacheka mpaka akakaa kitandani. Akasema ameona samani zikizeeshwa kwa chai, kwa siki, hata kwa moshi. Kwa kamusi, hajawahi.

Jumamosi, 14 Juni

Mama ametaja jina. Flaviana. Nilimpongeza. Akanishukuru, akaniuliza kama almari ikirudishwa kwa Mzee Zaidi nitasafiri ndani yake au mbele na dereva.

Mimi nimeongezewa muda wa majaribio. Mgeni amemwambia Mama kwamba mapokezi ya namna ile hajayapata kwingine, na Mama bado hajaamua kama hiyo ni sifa. Akaniomba nitulie, nisibuni chochote, nikae tu mezani nijaze majina ya wageni.

Nikakaa. Nikatulia. Nikafungua kamusi, kwa kujituliza tu.

Meza: neno la Kireno!

Jikoni kuna moja, mguu mmoja unayumba, juu wanakatia kabichi. Hakuna anayejua wanakatia juu ya nini. Mgeni anarudi kutoka kutazama wanyama kreta saa kumi. Nimeshaitoa hadi barazani na kuanza kuipangusa.