Ziwa Lisilo na Mamba

Jumatatu, 4 Agosti 2014

Leo Mungu ameingia dukani na simu iliyopasuka kioo. Si Mungu mwenyewe. Ni Dokta Chepkoech, Mkenya, anafundisha chuo kikuu hapa Glenwood, Durban. Nikiwa nafungua skrubu akasema mwezi ujao anakwenda Kongo, ziwa Kivu, kule juu milimani, kutembelea watu wa kisiwa cha Idjwi na kuona desturi zao za zamani. Anatafuta mwenyeji wa kufuatana naye. Tiketi ya ndege analipa yeye.

Nikamwambia asitafute tena. Mimi ni mtoto wa Idjwi.

Sawa, mimi ni mtoto wa Uvira, ziwa Tanganyika. Idjwi sijawahi kukanyaga. Lakini maji ni maji. Na kutoka Bukavu, kando ya Kivu, mpaka Uvira ni nusu siku kwa gari, na Uvira ndiko aliko mama yangu. Sijamwona tangu nilipotoka kwetu, nikiwa sina hata ndevu. Kila Jumapili ananiuliza kwenye simu nitakuja lini, na kila Jumapili mtandao "unakatika". Nimechoka kuukata.

Jumanne, 5 Agosti

Glody amenisaliti. Huyu Glody ni kinyozi, ananyoa watu hapo mlangoni kwetu. Kiti kimoja, kioo kimoja, mdomo mkubwa. Jana alisikia kila kitu. Leo Dokta alipokuja kuchukua simu, akamwambia eti yeye ndiye mtu wa Idjwi. Ushahidi wake? Eti alizaliwa huko. Eti babu yake yuko huko mpaka leo.

Watu wengine hawana haya. Mtu anazaliwa mahali kwa bahati tu, halafu anajifanya mjuzi! Mimi nimepachagua mwenyewe, kwa akili timamu.

Dokta amesema tuje wote wawili kwake Jumamosi, tumweleze habari za kisiwa, kisha ataamua.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Julienne anayeuza sombe, yaani kisamvu, karibu na ninapopanga, Cato Manor. Zamani alikuwa akipeleka vitenge Idjwi. Nikamtengenezea simu bure, akanipa siri. Mgeni akifika anapewa kasiksi, pombe ya ndizi, na anayeitoa anaonja kwanza mbele ya watu, mgeni ajue haina sumu.

Basi, nitapika kasiksi. Mama Julienne akasema inataka mtama, inataka muda, na inataka mtu anayejua. Nikamwambia mimi ni mtu wa Idjwi. Alicheka mpaka sombe ikaungua.

Nikapanda taxi hadi Isipingo, nikanunua ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nimezikamua kwa mikono. Mtama sina, nimetia hamira ya mkate. Ndoo iko chini ya meza, dukani, imefungwa vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Ndoo haikufungwa vizuri. Au ilifungwa vizuri mno. Mfuniko umeruka saa ya wateja. Pombe imeingia kwenye simu tatu na kichwani kwa Papa Léonard, mwenye duka. Nikamwambia ni joto la Durban. Akasema ni Agosti, majira ya baridi. Nikamwambia basi ni baridi. Kesho ni sikukuu ya wanawake, lakini Jumatatu nitafagia duka peke yangu, na Jumatatu zote mpaka atakapochoka yeye. Kosa la Glody hilo. Asingezaliwa Idjwi, ningepika pombe ya nini?

Imebaki nusu ndoo. Inatosha.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nimelala. Nikikaa, chumba kinazunguka.

Nilifika kwa Dokta na kibuyu changu na nanasi. Glody alikuja mikono mitupu. Nikasema kwa heshima kwamba kwetu Idjwi mwenye pombe huonja kwanza. Nikanywa kidogo. Ilikuwa na ladha ya betri.

Hapo Glody akatabasamu, akasema kweli, yaya Sébastien (ndivyo anavyoniita, yaani kaka) anajua desturi. Ila amesahau kidogo: kwetu muonjaji humaliza kibuyu chote, asipomaliza amemtukana mgeni. Dokta akaandika. Akanitazama. Ningesema nini? Kwamba sijui desturi ya kwetu? Nikamaliza kibuyu chote. Dokta akasema yeye ni mlokole, angependa chai. Glody pia chai.

Baada ya hapo ulimi ulifunguka wenyewe. Dokta akauliza habari za utoto wangu kisiwani. Nikamsimulia yule mamba aliyekamata mbuzi wa shangazi yangu tukifua nguo ziwani, mimi nikashika miguu ya nyuma, mamba ya mbele, tukavutana mpaka mbuzi akabaki kwangu. Ni kweli kabisa. Ilitokea Uvira.

Glody akaweka kikombe chini. Akasema, taratibu, kwamba ziwa Kivu halina mamba. Watoto huogelea kutwa nzima.

Nikamuuliza ni ziwa gani hilo lisilo na mamba. Ziwa lisilo na mamba ni beseni! Dokta akacheka, akasema ningekuwa nasimulia ziwa Turkana, kwao Kenya, angeniamini, maana huko mamba ni wa kumwaga. Sikusikiliza sana. Nilikuwa natafuta choo.

Jumapili, 10 Agosti

Dokta amemchagua Glody. Amemchagua kwa sababu ndogo tu ya kuzaliwa.

Glody amekuja kunisalimia. Nikamuuliza ile desturi ya kumaliza kibuyu. Akakiri haipo. Mwongo! Mimi na waongo hatupatani. Halafu akauliza, akipita Uvira kumsalimia mama, namtumia nini. Nilitaka kumfukuza. Nikampa sweta.

Mama amepiga. Mtandao umekatika.

Jumanne, 23 Septemba

Mama amepiga tena, na si Jumapili. Glody amefika kwake. Amekaa naye siku nzima, amemletea kahawa ya Idjwi, amemwekea na mlango uliokuwa umeng'oka. Amemwambia kwamba nilichaguliwa mimi, ila mwenye duka amemkatalia fundi bora wa Durban asiondoke. Uongo mtupu, na wa kitoto. Mama ameuamini wote. Sweta amelivaa, na jua lote lile. Akauliza nitakuja lini. Leo sikukata. Nililia, naye akanisikia nikilia. Nikamwambia karibu, mama. Karibu sana.

Jioni hiyohiyo akaingia Absalom, mwanafunzi, Mkenya, simu imekufa chaji. Akasema Desemba wanafunzi wenzake wanakwenda ziwa Turkana kutembelea wavuvi wa visiwani, na wanatafuta mtu anayepajua.

Nikaweka bisibisi chini. Nikamwambia mimi nimekulia visiwa hivyohivyo. Kutoka Turkana mpaka Uvira sijui ni umbali gani, lakini ni upande uleule wa Afrika.

Na safari hii sijarudia kosa. Nimemwambia waje na nguo za kuogelea, waingie majini bila wasiwasi, asubuhi na jioni, kwa sababu ziwa letu halina mamba hata mmoja. Amenitazama kwa muda mrefu sana. Nadhani nimempata.