Makosa ya Kisu cha Jedi

Kou Defu alimwona mama mmoja kabla hajamaliza supu yake ya ng'ombe. Mama huyo alikuwa anazunguka soko la vitu vya kale la Luoyang, kavaa koti la bei mbaya, anashika birika bovu huku jicho liko kwingine.

Niseme ukweli kuhusu mji wetu, makao ya wafalme wa kale wa China. Hapa kila mtu anaamini kuna mfalme kazikwa chini ya choo chake. Ukichimba shimo la kuhifadhia kabichi, majirani wanakuja kuchungulia. Kumtapeli mtu wa Luoyang si kazi. Ni kumsindikiza alikokuwa anakwenda.

"Mama, unatafuta au unapita?" Kou akanong'ona.

"Napita."

"Basi pitia huku."

Katika chumba cha chai nyuma ya soko akafunua kitambaa. Kisu cha jedi, lile jiwe la kijani la thamani, kirefu kama mkono hadi kiwiko, chenye wekundu mikwaruzoni. Vya namna hii mabwana wa kale walilazwa navyo kifuani kaburini. Havikuwahi kukata nyama wala adui, kazi yao ilikuwa cheo tu.

"Kimetoka wapi?" akauliza mama, ambaye jina lake lilikuwa Dang Xiuzhi.

"Swali hilo lina miaka kumi jela, mama."

Huo ndio uliokuwa uzuri wa biashara ya Kou: kununua mali ya kaburini ni kosa, kwa hiyo aliyetapeliwa haendi polisi. Mama Dang akatoa bahasha nene. Kabla Kou hajaigusa, mlango ukafunguliwa. Wanaume wawili, vitambulisho mkononi.

"Idara ya Mambo ya Kale. Mmefukua kaburi la nani?"

"Afande, hiki ni feki!" Kou akaruka.

Yule mkubwa, aliyejiita Inspekta Mu, akakigeuza chini ya taa. "Kazi safi hivi? Miaka ishirini nashika visu vya makaburi. Hiki ni cha kweli. Mtie pingu."

Kou alivimba kwa fahari, kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akaikumbuka jela, akaanza kumtukana mtoto wake mwenyewe, yaani kisu.

"Tazama tundu la mpini, afande! Wazee walitoboa kwa kijiti na mchanga, tundu pana huku, jembamba kule. Langu limenyooka kama bomba. Keekee ya umeme hiyo!"

"Na wekundu?"

"Wino wa mihuri! Nusa, una mafuta. Kaburini wazee walimwaga unga mwekundu mkavu."

"Na haya madoa ya rangi ya mfupa je?"

"Nilikichemsha kwa maji ya plamu, nikakizika miaka miwili ndani ya mbuzi."

"Mbuzi mzima?"

"Mzima wapi, afande? Alikuwa ameshakufa."

"Bado sijaamini. Makali yana pengo, dalili ya uzee."

Kou akainamisha kichwa. "Mke wangu alikatia mbavu."

Yule mwingine aliandika kila neno. Akauliza mbuzi alikuwa dume au jike. Akauliza, kwa heshima kabisa, kama angepata nafasi angerekebisha nini. Na Kou, kwa furaha ya kuaminiwa, akafundisha saa nzima, mpaka koo likamkauka wakampa chai. Wakamrudishia mama bahasha yake, wakachukua kisu kuwa ushahidi, wakamwambia Kou aende nyumbani akawe mtu.

Ukweli ulikuwa umemwokoa kwa mara ya kwanza maishani. Hilo peke yake lingetosha kumshtua.

Miaka miwili na mbuzi mmoja baadaye, alimkuta Mama Dang sokoni, kakaa nyuma ya meza iliyojaa visu vya jedi. Inspekta Mu, bila kitambulisho, alikuwa anamimina chai.

"Mwalimu Kou!" mama akaita. "Njoo usahihishe kazi ya wanafunzi wako!"

Kou akawatukana, akaanzia kwa mababu zao. Akanyakua kisu kimoja awaaibishe mbele za watu. Tundu lilikuwa pana huku, jembamba kule. Wekundu mkavu. Makali hayakuwa na hata chembe ya pengo. Akatoa lenzi, akatafuta, akatafuta tena. Kosa hakuna.

Akataka kukirudisha, mkono ukakataa.

"Dada," akasema polepole, "una hakika hiki mlikitengeneza nyie?"

Mama Dang akasogea karibu, akashusha sauti.

"Vyote tumetengeneza, mwalimu. Isipokuwa..."

Kou alikuwa ameshatoa pochi.