Kanuni ya Dizeli na Mlima wa Kemondo

Mwaka 1953 Serikali ilipiga hatua ambayo mataifa makubwa yalikuwa bado yanaiota: ilijua lori litakunywa dizeli kiasi gani kabla halijawashwa.

Sifa zote ni za Bwana Pellow, Ofisa wa Usafirishaji. Alilaza rula juu ya ramani kutoka Muleba hadi Bukoba, akagawanya maili kwa kumi na tano, akapata galoni mbili na theluthi. Kona hazikuhesabiwa, kwa kuwa rula haina kona. Milima iliondolewa, maana kamati ilithibitisha kwamba kinachopandwa hushukwa. Mzigo haukutajwa, lori la majaribio lilikuwa tupu.

Dereva Ishengoma hakuwa na ugomvi na sayansi. Kila safari wakulima wa Kemondo walilisukuma lori lake mpaka kileleni, na ofisini ikaandikwa kwamba kanuni imethibitika. Mara mbili hawakuwapo. Akafungua debe la akiba, akapewa barua mbili za onyo. Ya tatu ingemnyang'anya leseni papo hapo. Mwenzake Josia aliipata ya tatu. Jibu la rufaa yake lilifika wiki moja baada ya mazishi yake, likisema kanuni haikosei. Ishengoma alikwenda kulisoma kaburini, polepole, kwa kuwa barua ilikuwa ya Josia.

Kisha Bwana Pellow akapandishwa cheo, aende Dar es Salaam kuifundisha kanuni nchi nzima. Meli ingeondoka Bukoba saa nane. Lori likapakiwa piano, bafu la chuma na makasha kumi na manne ya mafaili. Saa saba kasoro, katikati ya mlima wa Kemondo, likakohoa, likazima.

"Sukumeni!" Bwana aliwaambia wakulima waliokuwa kando ya barabara.

Mmoja wao, Mama Penina, akatua mkungu wake wa ndizi. "Kwenye ramani hapa ni tambarare, Bwana. Litateleza lenyewe."

"Ishengoma, fungua debe!"

"Siwezi, Bwana. Nina barua mbili."

Karani Apolinary, aliyepanda lori kumsindikiza kwa niaba ya ofisi, akatoa fomu, akasema kwa heshima ya Kihaya: "Jaza sababu, waitu."

Bwana akaandika: mlima.

"Mlima tuliufuta, waitu. Imebaki sababu moja, uzembe. Hapa pembeni, jina la mzembe."

Bwana akamtazama Ishengoma.

"Ukiandika langu," Ishengoma alisema kwa adabu, "leseni inakwisha hapa hapa. Sijui nani ataendesha."

Bwana Pellow akaandika jina lake mwenyewe, kwa herufi ndogo sana.

"Herufi kubwa, waitu. Fomu inaelekeza."

Dizeli ikamiminwa. Lori halikuwaka; mabomba yalikuwa yamevuta hewa, na hewa hiyo hutolewa kwa spana. Spana ilikuwa mfukoni mwa Ishengoma.

"Imebaki fomu moja, Bwana. Ya Josia. Mlima ni huu huu, na mzembe aliandikwa yeye."

"Josia amekufa!"

"Ndiyo, Bwana. Theopista mkewe anajua kusoma."

Bwana akaandika jina lake mwenyewe mara ya pili. Apolinary akagonga muhuri juu ya piano. Ndipo Ishengoma akainama chini ya boneti, akaanza kutoa hewa taratibu, kama alivyofundishwa.

Alipomaliza, meli ilikuwa inapita kule chini ziwani kuelekea Mwanza, juu ya maji tambarare, bila kilima hata kimoja.