Pistoni Kubwa kwa Ajili ya Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Bado nampenda hadi najionea haya. Miguu inauma.

Tumetoka kwa mama mkwe. Nyumba yake iko juu ya kilima, na skuta yetu kilima haiwezi hata kukitazama. Ikibeba mmoja inapanda ikikohoa. Ikibeba wawili inazimika kwenye kona ya kwanza. Basi tukashuka, tukasukuma: mume wangu kwenye usukani, mimi nyuma, viatu vya harusi mkononi. Njia nzima anacheka na kunisimulia mambo ya kazini. Anasoma mita za maji, nyumba hadi nyumba. Sauti yake jamani! Hata akitamka neno "mita" nalegea.

Wifi, dada yake, alikuwa amesimama getini muda wote. Hakuja kusaidia. Alisubiri tufike, akalitazama jasho langu.

"Kaka," akasema, "umetuletea mke au msukuma mkokoteni?"

Mama mkwe akacheka. Kidogo tu, lakini alicheka. Tumealikwa tena Jumapili, na shangazi zake wanne watakuwepo. Nimeapa: Jumapili nitafika nimekaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwona fundi wa pikipiki, jirani wa kibanda changu cha kushonea. Kasema injini haiongezwi nguvu kwa maombi. Inatolewa silinda ndogo na pistoni yake, inawekwa seti kubwa zaidi. Nikaelewa mara moja: ni kama kupanua nguo kiunoni. Akasema si kama nguo hata kidogo. Tukabishana hadi mteja wangu akaondoka. Mwisho tumekubaliana. Yeye ananiwekea pistoni, mimi namshonea ovaroli mbili.

Mume wangu nimemwambia skuta inabadilishwa breki. Akanibusu kwenye paji la uso, akasema hajawahi kuona mtu anayejali usalama wake namna hii. Nikaona aibu kama dakika kumi. Kisha nikaendelea kushona.

Alhamisi, 6 Machi

Kipenzi kaenda kazini kwa miguu. Nyumba sitini na mbili! Karudi akakaa mlangoni, hana nguvu hata ya kuvua viatu. Nikamkanda miguu. Nilitaka kumwambia yote. Nikajizuia. Mapenzi yanahitaji siri.

Mimi mwenyewe hoi. Ovaroli ya kwanza imembana fundi makwapani, maana nilimpima kwa macho. Kaniuliza kama naye aipime pistoni kwa macho. Naifumua yote.

Jumamosi, 8 Machi

Skuta imekamilika. Inanguruma! Fundi kanitahadharisha: ukivuta mafuta ghafla inaruka. Nilimsikia nusu, macho yangu yalikuwa kwenye kiti. Kilikuwa kimechakaa, aibu tupu. Nimekishonea ngozi mpya ya plastiki, inang'aa kama sakafu ya benki. Na gauni langu la kesho tayari: satini, rangi ya dhahabu. Nimelivaa nikakalia kiti kujaribu. Nikateleza kidogo. Nikasema ni uchovu.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimelalia tumbo.

Chini ya kilima nilimnong'oneza mume wangu kwamba leo asiogope, avute mafuta yote. Ananiamini. Akavuta.

Skuta ikaruka kama imeumwa na nyuki. Yeye akaenda. Kiti nacho kikaenda. Mimi na satini yangu tukabaki tumekaa barabarani, kitambaa cha meza cha kumzawadia mama mkwe mapajani, kama mgeni anayesubiri chai. Nilimwita. Injini ilikuwa inanguruma vizuri mno.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Aliingia getini mbele ya shangazi wote wanne, bado ananieleza habari za mita. Akazima injini. Akanyoosha mkono nyuma anishushe kwa heshima zote. Akashika hewa.

Kilima chote nimekipanda kwa miguu. Aliyeshuka wa kwanza kunipokea ni wifi. Sikutegemea. Alinifuta vumbi mgongoni, akanipokea kitambaa. Tulipokaribia getini ndipo aliposema, "Wifi, yale yangu yalikuwa utani. Ungesukuma tu."

Jumatatu, 10 Machi

Nimekiri yote. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikuwa amechoka tu. Leo watu wamemsikia anakuja tangu mtaa wa pili, wakafunga mageti wasisomewe mita. Kasoma mita nne. Msimamizi wake kasema wiki nyingine ya namna hii na kazi atapewa mwingine.

Halafu akaniambia, macho sakafuni: "Mimi kile kilima nakipenda. Siku nzima naongea na mageti. Tukisukuma pale ndipo naongea na mke wangu."

Nililia hadi kifuani pake pakalowa. Nani mwingine ana mume kama huyu? Nimemwahidi kesho silinda ya zamani inarudi mahali pake.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi na mapema nimempelekea fundi skuta. Silinda ya zamani alikuwa ameihifadhi, kaifunga kwenye gazeti. Akaanza kufungua boliti. Nikamwambia asubiri.

Nimefikiri sana, tena nimesimama, kwa sababu kukaa bado kunauma. Pistoni haina kosa. Kosa ni satini. Kelele tutazipunguza kwa kubadilisha ekzosi, lile bomba la moshi. Na mazungumzo tutazungumza tukiwa juu, tumefika mapema, tumetulia. Atafurahi! Bado hajajua tu.

Fundi kauliza mume wangu kasemaje. Nikamjibu kasema anapenda kuongea na mimi, na huo ndio ukweli. Akaifunga tena silinda ya zamani kwenye lile gazeti. Nimemwahidi ovaroli ya tatu.

Jumapili tumealikwa tena. Gauni jipya nimeshalikata. La jinzi.