Malalamiko Kuhusu Mtoto Anayeupigia Ugali Makofi

Mihayo Kashindye,
Mfanyabiashara wa mchele,
Iyunga, Mbeya.

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Awali ya hapa mtaani.

YAH: MWALIMU BUPE NA SOMO LAKE LA MAKOFI

Mheshimiwa Mwalimu Sifaeli,

Natumaini baridi ya wiki hii imekuachia vidole vya kutosha kushika barua hii. Sisi tu wazima. Kilichougua ni amani ya nyumba yangu, tangu binti yangu Nyamizi aanze kufundishwa muziki na Mwalimu Bupe. Mimi si mtu wa kulalamika. Mke wangu Alinanuswe anaweza kuthibitisha, ukimkuta siku nzuri.

Naeleza kidogo, maana huenda ofisi yako haijui kinachoendelea darasani. Mwalimu Bupe hana kinanda wala ngoma. Anachukua maneno ya jikoni na kuwaambia watoto wayapige makofi kama yanavyotamkwa. Kwa "uji" wanatembea polepole: u-ji, u-ji. Kwa "maharage" wanakimbia: ma-ha-ra-ge. Kisha nusu ya darasa inapiga uji, nusu inapiga maharage, na vurugu hiyo anaiita mdundo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimleta mtoto shuleni apate elimu. Mtoto wa jirani yangu, anayesoma shule ya basi la njano, anataja kwa Kiingereza nyumba ya barafu, na kwao hata friji hawana. Hiyo ndiyo elimu. Wangu amerudi na maharage. Maharage tunayo nyumbani, Mwalimu.

2. Mezani kwangu hakuliki tena bila idhini. Juzi nimenawa, nimekata tonge, binti akanizuia mkono. "Baba, bado hujaupiga." Mimi, kichwa cha familia, nikaupiga ugali makofi. Akatikisa kichwa kama mkaguzi. "Umeruka 'li', baba. Anza tena." Nilianza tena. Mama yake alicheka mpaka akaegemea ukuta, na mchuzi ukapoa ukaganda. Naomba ofisi yako inieleze ni ibara gani ya mtaala inayoruhusu mzazi kurudishwa darasani akiwa na njaa.

3. Nilikwenda na Nyamizi kwenye mkutano wa mtaa. Mwenyekiti wetu ana kipaji cha kuzungumza mpaka kuku warudi bandani, na neno lake kubwa ni "maendeleo". Kila alipolitaja, binti akalipiga: ma-e-nde-le-o. Akina mama wa benchi la nyuma wakampokea, vijana nao wakaongeza miguu. Mwenyekiti alijikaza, lakini mabega yakamsaliti; akaanza kulitaja neno huku akilisubiri kofi lake. Mwisho akasahau hoja zote akafunga mkutano. Tulirudi nyumbani jua bado linawaka. Hasara hiyo ya demokrasia nani atailipa?

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama yangu, Bibi Mbuke, tulimleta hapa kutoka Usangu baada ya kumzika baba. Tangu afike alikuwa mgeni ambaye kila nyumba ingemtamani: hasemi, hadai, hakosoi. Anakaa kwenye kigoda akitazama ukuta. Tulimpeleka hospitali, wakasema ni majonzi, tumpe muda. Mchungaji alikuja akaomba, akanywa chai, akaondoka. Nasi tukazoea. Jina la marehemu baba tukaacha kulitaja, tukajisifu kuwa tunamtunza mama vizuri.

Jumamosi Nyamizi akaenda kukaa miguuni pake na makofi yake. Akapiga uji. Akapiga maziwa. Bibi kimya. Mtoto, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha adabu ya kuogopa, akauliza, "Bibi, na babu anapigwaje?"

Nilikuwa mlangoni. Nilitaka kumkemea, mama akaniwahi. Mama aliutazama mkono wake kama si wake. Kisha akagonga kigoda kwa vidole, taratibu: Ka-shi-ndye. Akarudia. Mara ya tatu akalisema kwa mdomo, akalia kilio ambacho hakukilia makaburini. Nyamizi hakukimbia, aliendelea kumpigia jina lile polepole, kama uji, mpaka kilio kikaisha. Mimi nilitoka nje kukagua gunia ambalo halikuwa na tatizo lolote, nikalikagua muda mrefu.

Na sasa matokeo yake, Mwalimu! Mama anaongea. Anasema mchele wangu una chenga. Anasema chai yetu haijui maziwa. Anamsimulia Nyamizi babu yake alivyokuwa akiita ng'ombe, na wote wawili wanaita, alfajiri, ndani ya nyumba. Alinanuswe amejiunga nao. Ule utulivu niliougharamia umekwisha.

Kwa hiyo naomba Mwalimu Bupe azuiwe mara moja, na watoto warudishwe kwenye kidole mdomoni, kabla bibi wengine wa Iyunga nao hawajafunguka. Serikali ya mtaa haitawaweza.

Wasalimie walimu wote, mpishi wa uji na mlinzi wa getini, ambaye nimemwona akifungua geti kwa mdundo, naye aonywe.

Wako katika kero,
Mihayo Kashindye

Nyongeza: Nikiwa nabandika bahasha, Alinanuswe ameingia na habari kwamba kuna wazazi waliolalamika kabla yangu, na Mwalimu Bupe anahamishiwa Makongolosi, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Mwalimu Sifaeli, watu hao ni wa ajabu sana, usiwasikilize. Barua hii ichane. Kama uhamisho umeshapita, nijulishe tu. Wachimba dhahabu nao wanakula wali, na mama ameshafunga mzigo wake.