Naomba Nami Nitishwe

Kwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha udobi,

Pokea salamu zangu za heshima.

YAH: KUBAGULIWA KATIKA UGAWAJI WA HOFU

Mimi ni karani wa mapokezi ya nguo chafu, yule mzee wa miwani mwenye meza karibu na mlango wa magari. Mashuka ya hoteli na ya hospitali yamepita mikononi mwangu kwa miaka ishirini na sita. Huenda hunijui, kwa kuwa ofisi yako iko upande wa mbele, ambako nguo zimekwisha kuwa safi.

Nakuandikia kwa uchungu. Ulipofika mwaka jana ulitukusanya uani ukatuambia, "Mwenye uhakika wa kesho hulala leo." Kisha ukawatoa wafanyakazi wote katika ajira ya kudumu, ukawapa mikataba ya mwezi mmoja mmoja ili wapate ari. Wote, isipokuwa mimi. Jalada langu lilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati aliondoka nao karani wa utumishi, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyimwa mkataba mpya. Hivyo nimebaki wa kudumu peke yangu, kama doa la wino. Niruhusu nieleze taratibu yale ninayoyakosa, maana jambo likielezwa mbio huonekana dogo.

1. Nimenyimwa bidii. Zamani wakunjaji walikunja shuka mara moja wakaliweka rafuni. Siku hizi rafu ikijaa na msimamizi akachungulia, wao hulitoa, hulikunjua, hulikunja upya, asije akasema kazi imekwisha na watu wamezidi. Juzi nililihesabia shuka moja safari nne kabla ya chakula cha mchana. Hakuna mtu humu ndani anayeshughulishwa kama shuka lile. Mimi, kwa uvivu wa mwenye ajira, jambo nikilimaliza huwa limekwisha.

2. Nimenyimwa elimu ya siri. Mama Madoa, mtoaji wetu wa madoa sugu, alikuwa akimfundisha yeyote aliyemuuliza: damu ni maji baridi, kamwe usiipe moto, mafuta yanyunyizie unga kwanza uyanywe. Sasa amebandua lebo za chupa zake zote na huchanganya dawa akiwa ametupa mgongo. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu, "Mzee wangu, nikikufundisha wewe, mimi watanibakiza kwa kazi gani?" Wiki aliyokwenda kumuuguza mama yake, mwenzetu mmoja alibahatisha chupa. Vitambaa vya meza mia moja vya hoteli moja viliingia vyeupe vikatoka rangi ya waridi. Hoteli ile haijatuletea nguo tena. Nadhani wangali wanavishangaa.

3. Nimenyimwa afya. Tangu mikataba ije, maradhi yamekoma. Dereva wetu alikuja na homa, akatetemeka kwenye usukani mpaka akaligonga geti, akashuka akatutangazia kwamba yeye ni mzima, ila geti limesogea. Mimi nikiumwa bado huenda kwa daktari, kama mshamba.

4. Nimenyimwa chakula cha faragha. Hapo awali tulikula pamoja, kelele tupu. Sasa kila mtu na kona yake, uso ukutani. Nao wana haki: kila mwisho wa mwezi mtu mmoja hupungua, na si rahisi kumkaribisha kwenye sahani yako mtu unayeomba apungue yeye.

5. Nimenyimwa upofu, na hapa ndipo penye kidonda. Mashine kubwa ya pasi, ile yenye rola mbili za moto zinazomeza shuka, ina kitufe chekundu cha kuizimia wakati wa hatari. Kitufe kimekufa, na hii ni wiki ya sita. Fundi mitambo aliandika taarifa tarehe ishirini na mbili. Tarehe thelathini mkataba wake haukuendelea, tukaambiwa kwamba hana moyo wa ushirikiano. Tangu siku hiyo kitufe kimepona, maana hakuna anayekiona kibovu. Wiki iliyopita rola zilimnasa mpiga pasi wetu, mama wa watoto watatu, kwa ncha ya mkono wa koti la kazi. Mwenzake alikimbia hadi kwenye swichi ya ukutani. Ni hatua kumi na saba, nimezipima. Vidole viwili viliungua. Kesho yake alikuja na glavu, msimamizi akamuuliza, naye akajibu, "Sufuria ya nyumbani hiyo, bosi, imenikomesha!" Akacheka, na wote wakacheka. Mimi peke yangu, kwa kukosa mafunzo, nilishindwa.

Kwa hiyo naomba nipewe mkataba wa mwezi. Na kwa kuwa nimechelewa kuanza kuogopa, uwe wa wiki, au wa siku moja, nikiusaini getini kila asubuhi.

Tena, tusiishie kwa watu. Nguzo za jengo hili zimesimama miaka arobaini bila kutishwa na yeyote. Labda ndiyo sababu paa linavuja. Ziandikiwe barua ya onyo. Boila nayo ipewe siku saba za kujieleza. Na wewe mwenyewe, Mkurugenzi, nasikia mkataba wako ni wa miaka mitano, pamoja na gari. Nakuhurumia sana. Hiyo ari unaitoa wapi?

Nifikishie salamu kwa katibu muhtasi wako, kwa msimamizi, kwa mhasibu na mkewe, na kwa wote wa upande wa mbele.

Mtiifu wako, bila hata kulazimishwa,
Karani wa mapokezi ya nguo chafu

Tanbihi: Barua hii niliizungusha kwa wenzangu ili tuisaini pamoja. Waliisoma, wakacheka, wakakiri kwamba kila neno ni kweli. Kalamu ilizunguka meza nzima ikanirudia na wino wake wote. Mama Madoa akasema, "Saini wewe, mzee. Wewe hawakuwezi." Mpiga pasi aliiweka tu kalamu chini kwa mkono wenye glavu. Basi nalifuta ombi langu lote. Mkataba wa mwezi usinipe, maana nikiupata na mimi nitakiona kitufe kile ni kizima. Mashine ya pasi nimeizima sasa hivi. Nimebeba kiti changu na nimekaa mbele ya swichi ya ukutani. Sibanduki hapa mpaka fundi aje, na namaanisha yule yule.